James Stevenson: Tajiri aliyelipia barabara ya maziwa mawili

Mahindi yanayotoka Katandala, mjini Sumbawanga, kwenda Tunduma hupita kwenye lami ya zaidi ya kilometa 220 iliyojengwa kwa fedha za Marekani, kupitia mkataba wa MCC uliosainiwa mwaka 2008. Lakini si mara ya kwanza mgeni kufungua mfuko kwa ajili ya barabara ya ukanda huu. Mwaka 1881 tajiri wa Glasgow, Uskoti, aliahidi pauni 4,000 ili ichimbwe barabara kusini mwa Ufipa, kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika. Aliitwa James Stevenson.

Stevenson alitajirika kwa kemikali. Mwaka 1878 alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa Glasgow walioanzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama African Lakes Company, ambayo iliwapelekea wamishionari mahitaji na kununua pembe za ndovu. Alikuwa mtu wa dini, lakini hesabu yake ilikuwa ya dukani. Wakati huo mzigo ulifika pwani vichwani mwa wapagazi na watumwa, kwa safari ya miezi. Ukipitishwa majini, kwa mito ya Zambezi na Shire kisha Ziwa Nyasa, nchi kavu ingebaki vipande viwili tu: penye maporomoko ya Shire, na kilometa 340 hivi kati ya maziwa mawili. Uchukuzi ukiwa rahisi, alifikiri, biashara ya watumwa ingekosa faida.

Fedha zake zilikuja na masharti. Wamishionari walitakiwa kufungua vituo njiani na kuitumia njia hiyo, na kampuni ibebe mizigo. Kwa maneno mengine, alitaka barabara iwe na wateja kabla haijaisha, jambo ambalo wapangaji wengi wa miradi husahau hadi leo.

Kazi ilianzia Karonga chini ya mhandisi James Stewart. Milima ilikuwa mikali na homa ilikuwa kali zaidi. Stewart alifariki mwaka 1883, na aliyempokea, McEwan, naye akafariki mwaka 1885. Hata hivyo vipande vya meli ya wamishionari wa London, Good News, vilibebwa kupitia njia hiyo, vikaungwa, na meli ikashushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Huo ndio mzigo mkubwa wa kwanza wa barabara ya Stevenson.

Baada ya hapo mambo yalikwama. Kipande cha kutoka Karonga kupanda milimani ndicho kilichochimbwa sawasawa. Mbele yake ilikuwa njia ya miguu. Kuanzia mwaka 1887 kampuni iliingia vitani na Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa wa karibu na Karonga, na fedha na watu vikaelekea huko. Pauni 4,000 zilikuwa za kuchimba. Za kufyeka nyasi na kuziba makorongo kila baada ya masika hazikuwa na mwenyewe, na pori likarudi. Tanzania ilitenga fungu la namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1998, kwa Mfuko wa Barabara unaotokana na tozo ya mafuta, hivyo kila anayejaza dizeli huchangia matengenezo.

Njia hiyo iliyokuwa ikifunikwa na majani ilipata uzito mkubwa mezani Ulaya. Katika mkataba wa Julai 1, 1890, Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi kati ya maziwa hayo, barabara ya Stevenson ikabaki upande wa Waingereza na Ufipa ikaenda kwa Wajerumani. Mkataba huo pia uliruhusu mali za mataifa yote mawili kupita kati ya maziwa bila ushuru wa kupitisha mizigo.

Stevenson, ambaye makazi yake yalikuwa Largs, pwani ya magharibi ya Uskoti, alifariki mwaka 1903. Mfanyabiashara wa Sumbawanga anayevuka Kasesya kwenda Mbala huonyesha karatasi zake kwenye mpaka uliotokana na mgawanyo huo.