Askofu Festo Kivengere: mkimbizi aliyekataa kubeba chuki

Katika ukurasa wetu wa waliotutangulia katika imani, safari hii tunawaletea maisha ya marehemu Askofu Festo Kivengere wa Uganda. Wazee wetu wengi wanalijua jina lake. Lakini vijana wetu waliozaliwa hapa kambini huenda hawajui kwamba mhubiri huyu, aliyesikika katika mabara mengi, aliwahi kuvuka mpaka usiku kwa miguu, kama wazazi wao walivyovuka.

Festo alizaliwa mnamo 1919 huko Rukungiri, katika eneo la Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Watu wake walikuwa wafugaji, naye utotoni alichunga ng'ombe. Baadaye alisoma shule ya misheni, akawa mwalimu. Alikuwa amebatizwa, lakini moyo wake ulikuwa mbali na Mungu. Alipenda pombe, tena alimchukia mmisionari mmoja Mzungu.

Miaka hiyo moto wa uamsho ulikuwa umekwisha kuwaka Gahini, nchini Rwanda. Huko alitumika daktari Mwingereza, Joe Church. Mwaka 1929 daktari huyo, akiwa amechoka rohoni, alikutana Kampala na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wawili hao wakasoma Neno na kuomba pamoja, na daktari akarudi Gahini akiwa na nguvu mpya. Mwaka 1935 ulifanyika mkutano mkubwa Kabale, na watu wengi wa Kigezi wakatubu. Uamsho ukaenea hadi Burundi, mashariki mwa Kongo, Kenya na Tanganyika. Waliookoka walijulikana kwa jambo moja: toba yao haikuishia kinywani. Aliyeiba alirudisha. Waliokosana walitafutana, wakapatana.

Festo aliwaona watu hao kuwa ni kero. Lakini mwaka 1941, akitoka kunywa pombe, alikutana na rafiki yake akija kwa baiskeli. Rafiki huyo alimwambia kwamba ameokoka, kisha akamwomba msamaha kwa makosa waliyokuwa wamekoseana. Maneno hayo yalimchoma Festo. Alifika nyumbani, akapiga magoti, na hapo akamwona Yesu msalabani kwa ajili yake. Siku hiyo akampa Bwana maisha yake.

Muda si mrefu Roho Mtakatifu alimkumbusha yule mmisionari. Festo angeweza kutubu kwa Mungu chumbani na mambo yakaishia hapo. Lakini hakupata amani. Alipanda baiskeli, akasafiri maili 50 hivi katika njia za milima, akafika kwa yule Mzungu, akamweleza chuki yake na kumwomba msamaha. Wakaomba pamoja, na kuanzia siku ile wakawa ndugu. Tunaomba msomaji aikumbuke safari hiyo, maana mengine yote yaliyofuata katika maisha ya Festo yalipita katika njia hiyo.

Katika miaka ya 1940 Festo na mkewe Mera walihamia Dodoma, Tanganyika, wakafundisha shule na kulihubiri Neno kwa zaidi ya miaka kumi. Huko Kiswahili kikawa lugha yake ya kazi. Mwaka 1960 mhubiri Mmarekani Billy Graham alipofika Moshi, Festo ndiye aliyekuwa mkalimani wake mbele ya maelfu ya watu. Alipewa daraja la kikasisi katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi.

Hicho kilikuwa kipindi cha Idi Amin, aliyetwaa nchi mwaka 1971. Mwezi Februari 1973 wanaume watatu waliletwa katika uwanja wa Kabale kupigwa risasi mbele ya umati. Askofu aliwasogelea kuwafariji kabla ya kufa, akakuta kwamba wamekwisha kumpokea Kristo na hawana hofu. Mauaji yalizidi mwaka hadi mwaka. Mwezi Februari 1977 maaskofu walimwandikia Amin barua wakilalamikia mauaji. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Festo alionywa kwamba zamu yake imefika. Usiku yeye na Mera waliendesha gari hadi barabara ilipokwisha, wakapanda milima kwa miguu, na kulipokucha wakawa Rwanda.

Wapendwa, tunajua wenyewe kinachoota moyoni mwa mtu aliyefukuzwa kwake. Kiliota hata moyoni mwa askofu. Mwaka huo huo, akiwa kanisani London na kutafakari msalaba, Festo aliona kwamba amemchukia Amin na kwamba moyo wake unazidi kuwa mgumu. Bwana aliyewasamehe waliompigilia misumari alikuwa akimwuliza kuhusu mtu mmoja tu. Akatubu. Mwaka 1977 alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Nampenda Idi Amin, na wengi walishangaa.

Kusamehe hakukumfunga mdomo. Aliendelea kuueleza ulimwengu damu iliyokuwa ikimwagika Uganda. Hakusema kwamba maovu ni madogo, wala kwamba muuaji asihukumiwe. Alikataa tu chuki iwe bwana wake. Tena hakukaa bure ugenini: alianzisha mpango wa kuwasaidia wakimbizi wa Uganda, hasa wanafunzi, ili wasikose masomo. Amin alipoangushwa mwezi Aprili 1979, Festo alirudi Kigezi, akaendelea na uaskofu katika nchi iliyojaa wajane na visasi. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988. Amin alifia Saudi Arabia mwaka 2003.

Sisi tunajifunza nini? Hatusemi kusamehe ni jambo jepesi. Katika kanisa letu wapo waliozika ndugu zao njiani. Lakini tunaona kwamba Festo aliyemsamehe Amin mwaka 1977 alikuwa amefundishwa na baiskeli mwaka 1941. Mtu hujizoeza kwa jirani. Pengine aliye karibu ni yule wa turubai la pili tuliyegombana naye kisimani. Pengine ni kadi ya mgao yenye majina ya watu wasiokuwepo, au deni la unga tunalolikwepa. Uamsho ukija kambini, utaanzia hapo, wala hautahitaji spika.

Katika vikundi vya maombi juma hili, tunawaomba kila mmoja amtaje mbele za Bwana mtu mmoja anayepaswa kumwendea, kisha ainuke na kwenda. Tuwaombee pia waliotutenda mabaya kule tulikotoka, na tumwombe Mungu atupe kurudi nyumbani kwa amani, tukiwa na mioyo safi.