Masinde Muliro na mpaka uliomshinda

Anayetoka Ndalu, katika Kaunti ya Bungoma, kuelekea Kitale huvuka mpaka bila kuutambua. Mahindi ni yale yale, udongo ni ule ule, na lugha za sokoni hazibadiliki. Hata hivyo, mstari huo usioonekana ulijadiliwa hadi London na kuwafarakanisha wanasiasa wa chama kimoja. Karibu nao, huko Sikhendu upande wa Trans Nzoia, ndiko alikozikwa mtu aliyetamani usogezwe: hayati Masinde Muliro.

Muliro alizaliwa mwaka wa 1922 katika eneo la Kimilili. Kiu ya elimu ilimpeleka Uganda, kisha Chuo Kikuu cha Cape Town nchini Afrika Kusini mnamo 1949, mwaka mmoja tu baada ya wafuasi wa ubaguzi wa rangi kutwaa madaraka huko. Aliporejea nyumbani akiwa na shahada, Kenya ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari zilizotangazwa mwaka wa 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Akashika chaki, akafundisha. Mnamo Machi 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, mwalimu huyo alimbwaga mwanasiasa mkongwe W.W.W. Awori katika kiti cha Nyanza Kaskazini.

Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Suala lililobaki halikuwa tena iwapo Mwingereza angeondoka, bali angemwachia nani nchi, na kwa masharti gani. Jamii ndogo zilihofia kwamba uhuru ungezitoa mikononi mwa mkoloni na kuzitia mikononi mwa jamii kubwa zilizoongoza chama cha KANU. Kutokana na hofu hiyo, chama cha KADU kilizaliwa huko Ngong mnamo Juni 1960. Ronald Ngala akawa kiongozi wake, Muliro naibu wake, na miongoni mwa wenzao alikuwamo Daniel arap Moi.

Silaha yao kuu ilikuwa majimbo. Katika mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House, London, kuanzia Februari hadi Aprili 1962, KADU ilidai kila eneo liwe na bunge lake na mamlaka yake juu ya ardhi. KANU haikuupenda mpango huo, lakini iliukubali ili uhuru usicheleweshwe.

Hapo ndipo mtego ulipofyatuka. Majimbo yanahitaji mipaka, na mipaka huwagawa hata marafiki. Tume iliyoongozwa na Stafford Foster-Sutton ilizunguka nchini mwaka wa 1962 ikisikiliza madai. Waluhya walitaka Kitale na mashamba yanayoizunguka yawe katika Jimbo la Magharibi. Viongozi wa Kalenjin walisisitiza kwamba eneo hilo ni la Bonde la Ufa. Muliro na Moi, ndugu katika chama, wakajikuta wakivutana kamba. Wasabaot wa Mlima Elgon nao waliomba kuungana na jamaa zao wa Bonde la Ufa. Hatimaye Trans Nzoia ikabaki Bonde la Ufa, na Wasabaot wakabaki Magharibi. Kila upande ulipata sababu ya kunung'unika.

Kaskazini mashariki mambo yalikuwa mazito zaidi. Tume nyingine ilibaini mwaka huo huo kwamba wakazi wengi wa huko walitaka kujiunga na Somalia. Uingereza haikuwaruhusu, bali iliwapa jimbo la saba ndani ya Kenya. Somalia ikakata uhusiano wake wa kibalozi na Uingereza mnamo Machi 1963, na vita vya Shifta vikafuata.

KADU ilikuwa imeegemeza matumaini yake kwa London, kana kwamba mkoloni anayefungasha virago angebaki kuwa mdhamini wa katiba. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963. Katika mkutano wa mwisho wa London, Septemba na Oktoba mwaka huo, serikali ya Jomo Kenyatta ilidai masharti ya majimbo yalegezwe. Chama cha Muliro kilitishia kuigawanya nchi. Uingereza ilipima hasira ya upinzani dhidi ya urafiki wa serikali iliyochaguliwa na wengi, ikaichagua serikali.

Wakati huo wanajeshi wa Uingereza walikuwa bado kambini Kahawa, nje kidogo ya Nairobi. Kama kuna aliyedhani wangekuwa ngao ya walio wachache, Januari 1964 ilimpa jibu. Askari wa Kenya walipoasi huko Lanet, ni serikali kuu iliyowaita Waingereza kuuzima uasi huo. Makubaliano yalikuwa kwamba majeshi hayo yaondoke ndani ya mwaka mmoja wa uhuru, ingawa Uingereza ilibakishiwa fursa ya kufanyia mazoezi nchini. KADU ilijivunja Novemba 1964. Muda wa wanajeshi kuondoka ulitimia tarehe 12 Desemba 1964, siku ile ile Kenya ilipokuwa jamhuri na majimbo yakavuliwa mamlaka yake. Ngao ya karatasi na ngao ya chuma zikatoweka pamoja.

Muliro hakuchukua bunduki wala hakukimbilia uhamishoni. Alijiunga na KANU na baadaye akawa waziri. Lakini mnamo Juni 1975, Bunge lilipojadili ripoti ya kamati ya Elijah Mwangale kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki, alipiga kura pamoja na walioiunga mkono, kinyume cha msimamo wa serikali. Akafutwa kazi. Aliyekuwa akitafuta kinga ya wanyonge katika mipaka alikuwa sasa ameitafuta katika kura yake mwenyewe.

Mnamo 1991, akikaribia miaka 70, alikuwa miongoni mwa waasisi sita wa FORD pamoja na Jaramogi Oginga Odinga na Martin Shikuku. Aliyekuwa mwenzake wa KADU, Moi, ndiye aliyekuwa Ikulu. Neno majimbo lilirejea majukwaani, safari hii likitumiwa na wanasiasa wa KANU kuwatisha wageni katika Bonde la Ufa, na damu ikamwagika Trans Nzoia na Mlima Elgon.

Muliro alifariki ghafla katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta tarehe 14 Agosti 1992, akitoka London, jiji lile lile alikowahi kupigania katiba. Wengi walimwona kama mpatanishi wa FORD. Chama hicho kilipasuka kabla ya uchaguzi wa Desemba, na Moi akashinda.

Katiba ya 2010 ilirudisha sehemu ya ndoto yake kupitia kaunti 47, safari hii kwa kura ya Wakenya wenyewe, si kwa saini ya London. Mpaka wa Ndalu na Kitale haukusogea. Chuo kikuu chenye jina lake kiko Kakamega, naye amelala Sikhendu, katika ardhi aliyoidai kwa ajili ya Jimbo la Magharibi na ambayo haikupata kuwa sehemu yake.