Johannes Rebmann na Theluji Iliyokanwa

Asubuhi mojamoja, baada ya usiku wa mvua na baridi kali, mtoto wa Sombetini huona weupe juu ya Mlima Meru, na darasani huzuka ubishi: ni wingu au theluji? Mwalimu asiharakishe kuukata ubishi huo. Na aanze kwa kuwasimulia maisha ya Johannes Rebmann.

Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, akafika Mombasa mwaka 1846 akiwa mmisionari. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda Uchagani, aliona kitu cheupe kileleni mwa Kilimanjaro. Kwanza alidhani ni wingu. Kiongozi wake wa safari aliuita weupe ule baridi tu. Neno dogo hilo, lakini kwetu sisi ni ushahidi mzito, kwani msemaji hakuwa na nadharia yoyote ya kuitetea. Rebmann aliandika aliyoyaona, na habari zikachapishwa mwaka 1849 katika jarida la chama chake cha misioni huko London.

Huko huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga pwani yetu, alizikana. Theluji karibu na ikweta aliiona muhali, hali wasafiri walikwisha kuiona katika milima ya Andes, karibu na ikweta hiyo hiyo. Rebmann alirudi Uchagani mara mbili zaidi, akaukaribia mlima. Mwaka 1862 von der Decken na Kersten waliupanda kupita mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Cooley hakukubali hata hapo.

Hata hivyo, tusimfanye Rebmann kuwa mtu asiyekosea. Katika miaka ya 1855 na 1856 yeye na mwenzake Erhardt walitoa ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Walikuwa wamekusanya masimulizi ya wafanyabiashara. Ziwa lenyewe hawakuliona. Burton na Speke walipofika bara mwaka 1858, ilidhihirika kwamba Tanganyika na Nyanza ni maziwa mbalimbali. Hapo ndipo penye kazi ya darasa: wanafunzi wachore safu mbili daftarini, moja ya aliyoyaona Rebmann mwenyewe, nyingine ya aliyoyasikia, kisha wabishane juu ya weupe wa Meru kwa utaratibu huo.

Rebmann aliishi karibu na Mombasa miaka 29 hivi. Akiwa amepofuka, alirejea kwao mwaka 1875, akafariki Korntal mwaka uliofuata.