Alex Steinweiss na Vazi la Santuri

Msomaji aliyewahi kupekua santuri kuukuu za wazazi wake ameishika kazi ya Alex Steinweiss, ingawa huenda jina lenyewe hajalisikia. Alizaliwa tarehe 24 Machi 1917 mtaani Brooklyn, New York, mwana wa wahamiaji: baba mbunifu wa viatu vya wanawake kutoka Warsaw, mama mshonaji kutoka Riga. Sanaa ya mabango alifundishwa shuleni na mwalimu Leon Friend, akaiendeleza katika chuo cha Parsons, kisha akamfanyia kazi Joseph Binder, msanii mashuhuri kutoka Austria.

Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 22, aliajiriwa na kampuni ya santuri ya Columbia awe msimamizi wa sanaa. Enzi hizo santuri ilibeba dakika chache tu kila upande, hivyo simfonia moja ilihitaji sahani kadhaa, zikitiwa katika mifuko iliyojalidiwa mithili ya kitabu. Jalada lilikuwa la kahawia au kijivu, halina picha. Steinweiss aliona ni ajabu muziki mtamu uuzwe ukiwa umevikwa sanda. Kwa jalada lake la kwanza, la nyimbo za Rodgers na Hart, alimshawishi mwenye ukumbi wa Imperial abadilishe maandishi ya taa za mlangoni kwa muda mfupi, mpigapicha akawahi kuyanasa. Jalada hilo lilitoka mwaka 1940. Wakuu waliohofia gharama walinyamazishwa na hesabu: jarida la Newsweek liliarifu kwamba mauzo ya Eroica ya Beethoven yaliongezeka kwa asilimia 895 baada ya kuvikwa jalada lake jipya.

Hata hivyo, mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1948, Columbia ilipotoa santuri ya vinili iliyocheza muda mrefu. Bahasha za awali zilikuwa za karatasi nzito ya kaki, na santuri ziliporundikwa, mikunjo yake iliacha alama juu ya vinili. Steinweiss akabuni bahasha ya kadibodi nyembamba, iliyokunjwa na kugandishwa juu yake karatasi yenye picha. Ilikuwa imara, nyepesi, tena ikampa mchoraji uwanja mpana. Kwa kuwa mitambo ya kuitengeneza haikuwako, ilimbidi amtafute mwenye kiwanda aliye tayari kuigharimia.

Kampuni nyingine zikaiga, na bahasha ile ikawa ndiyo ya kawaida ulimwenguni kwa miongo kadhaa. Mbunifu hakuvuna kwayo, kwani mkataba wake na Columbia ulimtaka aachilie haki zote za uvumbuzi huo. Kwa hakika huo ulikuwa ujira mwembamba kuliko kadibodi yenyewe.

Alibuni majalada yapatayo 2,500. Picha za kamera zilipoipiku michoro ya mkono, aliiacha kazi hiyo mapema miaka ya 1970 na kuhamia Sarasota, Florida, akachora kwa ridhaa yake mwenyewe, mara nyingi kuhusu muziki ule ule. Alifariki huko tarehe 17 Julai 2011, akiwa na umri wa miaka 94.