Maisha ya Siti binti Saad wa Unguja

Sisi wa ufuko wa Ziwa Tanganyika twaijua habari ya njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikapita Unyamwezi, ikafika Bagamoyo. Wengi walipitishwa humo utumwani, wala hawakurudi. Katika uzao wa watu wa bara walioishia Unguja alizaliwa mtoto wa kike kijijini Fumba, yapata mwaka 1880; baba yake Mnyamwezi, mama yake Mzigua. Akaitwa Mtumwa, na jina hilo lilitosha kumjulisha kila mtu cheo chake.

Hakupata shule. Alifinyanga vyungu, akavichukua kichwani mpaka mjini, akivinadi kwa sauti yake nzuri. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko Ali Muhsin akamfundisha kuimba na kupiga udi, kisha akashirikiana na mafundi kama Mbaruku, Subeti bin Ambari na Buda bin Mwendo. Jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Zamani hizo taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, hata mchukuzi wa bandarini akaelewa. Wenye wivu walimtungia maneno ya kumsuta kwa asili yake ya shamba na kwa sura yake. Naye akawajibu kwa wimbo, nao wakanyamaza. Mwaka 1928 akasafiri na wenzake mpaka Bombay, wakatiwa sauti zao katika santuri, zikauzwa Afrika Mashariki kwa makumi ya maelfu.

Lakini mimi naona kazi yake kubwa ni nyingine. Mtu mmoja, Kijiti, alimwua mwanamke mgeni mwenye mimba, akatorokea bara. Muuaji akaponyoka, waliofungwa ni wanawake waliokwenda kushuhudia, kwa shauri la pombe. Maskini wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti la kulalamikia, wala hakimu hakuwasikiliza. Siti akalitia jambo hilo katika wimbo, likajulikana kila penye santuri, na aibu ya baraza ile haikufichika tena.

Karibu na mwisho wake alimsimulia Shaaban Robert habari zake, naye akaziandika kitabu. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950.