Ilya Ivanov, aliyeupeleka uhimilishaji zizini

Mfugaji wa Bariadi, Itilima au Meatu anajua jinsi dume moja bora la kondoo linavyogombaniwa. Kulisafirisha ni gharama, na likizunguka maboma mengi linaweza kueneza magonjwa. Shida ya namna hiyo ndiyo iliyomshughulisha Ilya Ivanov.

Alizaliwa mwaka 1870 katika mji wa Shchigry, Urusi, akahitimu Chuo Kikuu cha Kharkiv mwaka 1896. Zaidi ya miaka 100 kabla, padri Lazzaro Spallanzani wa Italia alikuwa amemzalisha mbwa jike kwa mbegu alizozipandikiza mwenyewe. Lakini jambo hilo lilibaki kuwa jaribio la wasomi. Ivanov aliligeuza kuwa kazi ya zizini. Alianza na farasi, akaonyesha kuwa dume mmoja, ambaye kwa kawaida hutosha majike 20 hadi 30, anaweza kutungisha mimba mamia. Kisha akaendelea na ng'ombe na kondoo.

Si yote aliyoyafanya ni ya kusifiwa. Mwaka 1926 alikwenda Guinea, Afrika Magharibi, akapandikiza mbegu za binadamu kwa sokwe. Hakuna sokwe aliyeshika mimba. Alitaka pia kuwatumia wanawake wa Kiafrika hospitalini bila wao kujua. Gavana wa kikoloni akakataa.

Desemba 1930 utawala wa Stalin ulimkamata na kumhamishia Alma-Ata, Kazakhstan, nchi ya wafugaji wa kondoo. Alifariki huko Machi 20, 1932, akiwa na miaka 61. Hakuwahi kuona mamilioni ya kondoo wakihimilishwa nchini mwake miaka michache baadaye.

Tanzania ina Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji Usa River, Arusha, kinachojulikana zaidi kwa mbegu za ng'ombe. Kondoo ni mgumu zaidi: mlango wa kizazi chake una mikunjo, mrija haupiti kirahisi, na mbegu mbichi hushika vizuri kuliko zilizogandishwa.

Hata bila mrija, mfugaji ana la kufanya. Kondoo jike huingia kwenye joto kila baada ya siku 17 hivi, na mimba huchukua miezi mitano. Andika tarehe dume alipopanda. Jike akirudi kwenye joto tena na tena, mwite mtaalamu wa mifugo. Na usimwache dume awapande binti zake mwenyewe. Badilishana na jirani.