George Mason: Mzee Aliyekataa Kutia Saini

Wengi wetu hapa Fairfax tunatembea na jina la huyu mzee kila siku. Liko kwenye kitambulisho, liko kwenye fulana, lilikuwa kwenye ile I-20 uliyoibeba kwenda ubalozini kuomba viza. Ukipiga simu nyumbani unasema unasoma George Mason, na wazee wanadhani ni jina la mji. Lakini muulize mwenzako George Mason alikuwa nani hasa. Atakwambia ni mmoja wa waasisi wa Marekani, halafu basi, hadithi imeishia hapo.

Mimi fani yangu ni uhandisi, siyo siasa. Ila kwa kuwa nimeshagonga miaka thelathini na humu chamani naitwa kaka, kila muhula wadogo zetu wa shahada ya kwanza wananijia na kozi yao ya serikali ya Marekani. Wanakariri tarehe, wanakariri idadi ya maseneta, na bado hawaelewi hii nchi inakwendaje. Nimeona njia rahisi ya kuwafundisha ni kuwasimulia maisha ya mtu mmoja tu, huyu huyu mwenye chuo chake. Ndani yake utakuta mazuri ya demokrasia ya hawa jamaa, na mabaya yake pia. Basi leo nawasimulia na nyinyi, pamoja na mnaotusoma kutoka vyuo vingine.

Mason alizaliwa Desemba 1725, wakati Virginia ilikuwa koloni la Mwingereza. Kwao walikuwa wenye mashamba ya tumbaku kandokando ya mto Potomac. Mwaka 1735 baba yake alizama mtoni humo baada ya mashua kupinduka, na kijana akabaki yatima wa miaka tisa. Mama yake, Ann, hakuolewa tena. Alisimamia mali na kulea watoto, akisaidiwa na shemeji wa marehemu, mwanasheria John Mercer, aliyekuwa na maktaba kubwa nyumbani kwake. Humo ndimo Mason aliposoma. Chuo kikuu hakukanyaga, na sheria hakusomea darasani. Hilo nawaambia wadogo zetu kwa makusudi: chuo hiki kimepewa jina la mtu ambaye hakuwa na digrii hata moja.

Mwaka 1750 alimwoa Ann Eilbeck, wakazaa watoto kumi na wawili, tisa wakakua. Kati ya 1755 na 1759 alijenga nyumba yake, Gunston Hall, ambayo bado imesimama katika kaunti hii ya Fairfax, na wageni wanaruhusiwa kuitembelea. Aliyeipamba ndani ni William Buckland, seremala kijana kutoka Uingereza aliyekuja kwa mkataba wa kutumika miaka minne. Jirani yake alikuwa George Washington wa Mount Vernon. Walikaa pamoja kwenye baraza la kanisa, wakafanya biashara, wakashauriana mambo ya kaunti.

Siasa Mason hakuipenda. Alikuwa mgonjwa wa jongo, ule ugonjwa unaovimbisha miguu, na safari ndefu zilikuwa mateso kwake. Mke wake alipofariki mwaka 1773 alizidi kujifungia nyumbani. Lakini Waingereza walipoanza kuyabana makoloni, kalamu yake ndiyo iliyotafutwa. Julai 1774 wananchi wa Fairfax walikutana Alexandria, Washington akiwa mwenyekiti, wakapitisha maazimio yaliyopingana na Bunge la London. Mason alikuwa mwandishi wake mkuu. Mwaka 1775 Washington alipokwenda kuongoza jeshi, Mason ndiye aliyechaguliwa kukalia kiti chake katika mkutano wa Virginia.

Sasa tunafika kwenye kazi iliyompa jina. Mei 1776 alifika Williamsburg amechelewa kwa sababu ya ugonjwa, akaingizwa kwenye kamati, na katika siku chache akaandika rasimu ya Tamko la Haki za Virginia. Lilipitishwa tarehe 12 Juni 1776, likiwa na ibara 16. Lilisema mamlaka yote yanatoka kwa wananchi na wakubwa ni watumishi wao tu. Lilitaka bunge, serikali na mahakama zitenganishwe, uchaguzi uwe huru, mshitakiwa asihukumiwe bila kusikilizwa, magazeti yasifungwe mdomo. Siku 22 baadaye, Jefferson na wenzake kule Philadelphia walitoa Tangazo la Uhuru, na ukiyalinganisha maandishi hayo mawili utaona undugu wake mara moja. Wafaransa nao walipotoa tamko lao mwaka 1789, harufu ya Virginia ilikuwemo.

Lakini subirini kidogo. Ibara ya kwanza ya Mason ilisema watu wote huzaliwa huru kwa usawa. Wajumbe waliomsikiliza walikuwa na watumwa majumbani. Mmoja wao, Robert Carter Nicholas, akashituka: je, watumwa wetu wakiyasikia haya? Wakakaa siku kadhaa wakibishana, kisha wakachomeka maneno ya kusema kwamba haki hizo mtu huzipata anapoingia katika jamii. Wao wakajiaminisha kwamba mtumwa hayumo katika jamii. Kichomeko kidogo tu, na maelfu ya watu wakafungiwa nje ya mlango.

Na Mason mwenyewe? Alikuwa mmoja wa wamiliki wakubwa kabisa wa watumwa Fairfax, akimfuata Washington. Tumbaku ile ililimwa na Waafrika, chakula cha Gunston Hall kilipikwa na Waafrika. Aliandika mara nyingi kwamba utumwa ni sumu, na bado hakuwaacha huru. Katika wosia wake aliwagawa kwa watoto wake, kwa majina, kama mtu anavyogawa ng'ombe.

Mwaka 1787, akiwa na umri wa miaka 61, alikwenda Philadelphia kwenye mkutano wa kutunga Katiba. Alikuwa miongoni mwa waliosema sana. Tarehe 22 Agosti alisimama kupinga biashara ya kuleta watumwa kutoka Afrika, akaonya kwamba utumwa unaharibu tabia za wenye watumwa na utaliletea taifa zima adhabu ya Mungu. Wenzake hawakumwachia. Oliver Ellsworth wa Connecticut akamrudi kwamba kama ni suala la uadilifu, basi afike mwisho, na walioko tayari nchini waachwe huru. Pinckney wa South Carolina naye akasema Virginia ina watumwa wa kutosha, kwa hiyo meli zikizuiwa, bei ya wale walionao itapanda. Hapo sasa! Ukisikia wanasiasa wa kwetu wanarushiana maneno bungeni, ujue hawa waliwatangulia. Mwisho Katiba ikaruhusu meli za watumwa mpaka 1808, na Mason akakasirika.

Tarehe 12 Septemba, siku tano kabla ya kufunga, alipendekeza Katiba ianze na hati ya haki za wananchi. Alisema kazi yenyewe ni ya saa chache, kwani mifano ya majimbo ipo. Walikuwa wamechoka, wanataka kwenda nyumbani. Wakapiga kura, na hakuna jimbo hata moja lililomuunga mkono. Mason akageuza karatasi ya rasimu, akaandika nyuma yake sababu zake za kukataa, na ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna tamko la haki. Tuwe wakweli, hayakuwa hayo tu. Alihofia pia kwamba majimbo ya kaskazini yatatunga sheria za usafiri wa majini za kuwakandamiza wakulima wa kusini. Tarehe 17 Septemba wajumbe 39 walitia saini. Watatu waliokuwa ukumbini walikataa: Mason, Edmund Randolph na Elbridge Gerry.

Kwetu sisi wahandisi saini si mapambo. Mchoro wa daraja ukiusaini, daraja likianguka wewe ndiye unayeulizwa. Ukiona nguzo moja imekosekana, huweki saini hata kama mkubwa wako ana haraka na wenzako wote wameshasaini. Ndiyo maana sehemu hii ya maisha ya Mason naielewa kuliko zote.

Alilipia. Fairfax ilikuwa upande wa Katiba, hivyo mwaka 1788 aliingia kwenye mkutano wa Richmond kama mjumbe wa kaunti ya Stafford. Huko alipinga vikali, na hata humo sura zake mbili zikaonekana: alilalamika kwamba Katiba inaruhusu watumwa zaidi kuletwa, na papo hapo kwamba haiwahakikishii wenyewe watumwa walionao. Virginia iliridhia Katiba kwa kura 89 dhidi ya 79. Urafiki wake na Washington ukavunjika, na haukurudi kamwe. Jirani wa miaka mingi, kwisha.

Lakini hoja yake haikufa. Majimbo kadhaa yaliridhia huku yakidai marekebisho, na James Madison, ambaye awali hakuona haja, ndiye aliyeyapeleka kwenye Kongresi. Tarehe 15 Desemba 1791 marekebisho kumi ya mwanzo yakawa sheria. Hiyo ndiyo Hati ya Haki ambayo wadogo zetu wanaikariri usiku wa kuamkia mtihani. Mason alifariki Gunston Hall tarehe 7 Oktoba 1792, akazikwa hapo hapo.

Sasa swali ambalo huwa naulizwa: mtu kama huyu tumheshimu au tumtupe? Mimi nawajibu kwa kuwaonyesha maneno yake yalikokwenda bila yeye. Mwaka 1780 Massachusetts iliandika katiba yake, ikasema watu wote huzaliwa huru na sawa. Ni maneno yenye asili ya Virginia, ila bila kile kichomeko. Mwaka uliofuata mwanamke mtumwa, aliyekuja kujulikana kama Elizabeth Freeman, alikwenda mahakamani akidai uhuru wake, na akashinda. Katika miaka michache mahakama za jimbo hilo zilikuwa zimeuondolea utumwa msingi wake wa kisheria. Waandishi waliandika, lakini aliyeyapa maneno uzito ni yule ambaye hakuitwa kwenye kikao.

Na yalifika hadi kwetu. Mwaka 1960, kwenye mazungumzo ya uhuru wa Kenya huko Lancaster House, London, mshauri wa wajumbe wa Kiafrika alikuwa Thurgood Marshall, mwanasheria Mmarekani mweusi, kitukuu wa mtumwa. Yeye ndiye aliyeandaa rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya. Tanganyika mwaka 1961 ilianza bila hati kama hiyo, kwa hofu kwamba ingeifunga mikono serikali changa. Tanzania iliiweka katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuitumia mwaka 1988. Uganda ilikuwa nayo tangu 1962, lakini mwaka 1966 Obote aliiweka katiba kando, na karatasi peke yake haikuwazuia wanajeshi kuvamia jumba la Kabaka. Kwa hiyo msidhani hili ni somo la Wazungu tu. Wala tusijifanye wasafi. Unguja soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 tu, na wenye mashamba ya karafuu walikuwa watu wa kusali.

Hapa chuoni sanamu ya Mason imekuwepo tangu 1996, na wanafunzi wanapenda kuivalisha makofia. Mwaka 2017 kikundi cha wanafunzi wa shahada ya kwanza, watoto wa rika la wadogo zetu hawa hawa, walianza kuchimbua nyaraka kuwatafuta watu aliowamiliki. Kutokana na kazi yao, mwaka 2022 ulizinduliwa mnara wa kumbukumbu kwenye uwanja huo huo, wenye taswira ya Penny, mtoto wa kike wa miaka kumi, na James, mtumishi wa karibu wa Mason. Uwanja wenyewe unaitwa kwa jina la Roger Wilkins, mwanahistoria mweusi aliyefundisha hapa. Hawakuing'oa sanamu. Waliongeza kilichokosekana, kama vile katiba inavyofanyiwa marekebisho.

Basi mdogo wangu, ukienda kwenye mtihani, andika tarehe zote, upate alama zako. Lakini utakaporudi nyumbani, na siku moja ukawekewa karatasi mezani usaini haraka kwa sababu watu wamechoka na gari zinasubiri nje, isome kwanza. Angalia nani hayumo. Kama hayumo, kalamu ibaki mfukoni.

Tuonane toleo lijalo. Muhula mwema.